Skrini ya Kongo

Sijawahi kukaa mahali pamoja hadi soli ya kiatu ikaishia palepale. Nimekatisha tiketi za basi Mbarara, nimepima pamba Kasese, nimechapa barua za watu katika kibanda kimoja Ishaka, nimesimamia ghala la mahindi Hoima. Kazi zote hizo niliziacha kwa namna moja. Siku niliyokosea mbele ya watu sikungoja kusemwa. Nilichukua begi, nikaenda barabarani, nikapanda gari la kwanza lililosimama. Baadaye nilipakumbuka kila mahali kwa uchungu, hata harufu ya lile ghala, hata kile kibanda kilichovuja. Nikiwepo nataka kuondoka, nikiondoka nataka kurudi.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo. Alilelewa na dada yangu mkubwa kule Munkunyu, tangu mama yake alipoolewa kwingine. Mwanzoni mwa mwaka ninaousimulia nilikwenda kumwomba. Dada alikuwa uani anapura maharage, wala hakuweka fimbo chini.

"Unataka kumpeleka wapi?"

"Kwangu."

"Kwako ni wapi?"

Nikaokota punje ya maharage iliyorukia mguuni pangu.

"Nasikiliza," akasema. "Taja tu jina la mji. Hata ukidanganya."

Nikamwambia nimepata kazi kwa wakala wa forodha, Kasese na Bwera. Akacheka. "Miji miwili! Hata mmoja hujauweza." Kisha akaacha kupura. "Mtoto si begi, mdogo wangu. Kaa mwaka mzima, kazi moja, tajiri mmoja. Ukitimia, njoo na shahidi asiye ndugu yetu, nami nitamfungia mtoto godoro lake. Ukikimbia katikati, usiniulize tena."

Binti yangu alikuwa amekaa kizingitini akitusikiliza. Aliuliza jambo moja tu: "Baba, mwaka unaanza leo au Jumatatu?"

"Jumatatu," nikasema.

Tajiri wangu alikuwa mwanamke, Hajati mmoja aliyeanza na lori moja la marehemu mumewe, kisha akaona kwamba karatasi za malori zina shida kubwa kuliko malori yenyewe. Akafungua ofisi mbili: moja Kasese mjini, nyingine Bwera, hatua chache kutoka mpakani. Jumatatu hadi Jumatano nilikaa Kasese, nikipokea wenye mizigo. Alhamisi hadi Jumamosi nilikaa Bwera, nikiivusha. Kila mji nilipanga chumba kidogo, na begi langu la nguo lilisafiri nami. Hajati hakutaka kompyuta ilale ofisini, kwa hiyo alinipa laptopu ya kubeba, na katika kila ofisi akaweka kitu ambacho sikuwa nimekiona: doki.

Doki ni kisanduku bapa cheusi, upana wake kama kitabu kikubwa. Nyuma kina matundu, na nyaya zote za mezani zinaishia humo: umeme, kibodi, kipanya, printa, na skrini mbili kubwa, moja kila upande. Laptopu unaiweka juu ya kisanduku, unaigandamiza kidogo, inalia "ka!" Papo hapo skrini zote mbili zinaamka, na laptopu yenyewe, ikiwa wazi katikati, inakuwa skrini ya tatu. Ukimaliza unavuta kijiti kilicho ubavuni, laptopu inaachia, unaitia kwenye mfuko. Huchomoi waya hata mmoja.

"Fundi alisema ni kitu cha watu wa haraka," Hajati aliniambia siku ya kwanza. "Skrini zinakaa, mtu anatembea. Umeelewa, bwana karani?"

Nilielewa vizuri mno. Nilikipenda kile kijiti kuliko mshahara. Siku mbaya nilikigusa kwa kidole, bila kukivuta, na moyo ukatulia. Nilikuwa mtu aliyefungwa kwa mwaka mzima, lakini meza yangu ilikuwa na mlango mdogo wa kutokea.

Zile skrini tatu nilizipanga kwa namna ambayo mtu wa kwetu yeyote angezipanga. Kwetu hatuelekezani kwa kaskazini na kusini. Tunatazama mlima. Meza ya Kasese ilitazama mlima, na ukiutazama mlima pale, njia ya Bwera na Kongo iko mkono wa kushoto. Meza ya Bwera ilitazama mlima vilevile, na Kongo ilikuwa kushoto kabisa, karibu uisikie ikipiga honi. Basi skrini ya kushoto ikawa ya Kongo, ya kulia ikawa ya Uganda, na ile ya laptopu katikati ikawa mpaka. Kila lori lilikuwa na dirisha lake la karatasi. Lori likiwa bado njiani, dirisha lilikaa kulia. Karatasi zikipelekwa forodhani, nililileta katikati. Zikikubaliwa na lori likaruhusiwa, nililiburuta hadi kushoto, likakaa Kongo mpaka dereva arudi na mhuri wa Kasindi, forodha ya ng'ambo.

Hiyo ilikuwa njia yangu ya kutopotea. Madereva ndio walioigeuza desturi. Mmoja alisimama nyuma ya kiti changu siku moja, akaona dirisha lenye namba ya gari lake likiteleza kutoka skrini hadi skrini, akapiga makofi. Siku hiyo alivuka bila kusumbuliwa hata kidogo. Akawasimulia wenzake. Baada ya mwezi hapakuwa na dereva aliyekubali kuwasha injini kabla hajajiona akivuka mezani.

"Nivushe kwanza," walisema.

"Karatasi zako zimekubaliwa, nenda."

"Patron, nivushe. Mara ile haukunivusha, pneu ya gari ilipasuka pale kwa barrière ya forodha."

Nikawa nawavusha mmoja mmoja, wao wakiwa wamekunja mikono nyuma yangu kama watu wanaotazama mpira. Umeme ukikatika katikati ya kuvuka, skrini mbili zikafa na madirisha yote yakarudi kurundikana kwenye laptopu, walilalamika kama mvua imekatiza mechi. Hajati alifikiri ni upuuzi, lakini aliniachia. "Afadhali waamini skrini yako," alisema, "kuliko waniamini mimi kisha waniulize maswali."

Miezi tisa ikapita hivyo. Sikumbuki kipindi kingine cha maisha yangu ambapo nilihesabu Jumatatu. Njiani kati ya miji ile miwili nilipita Kikorongo mara mbili kwa wiki, pale barabara inapogawanyika: mkono mmoja Bwera, mwingine Kasese, wa tatu unashuka kuvuka mbuga kuelekea Ishaka na Mbarara. Malori na mabasi husimama hapo, watu wananunua mahindi ya kuchoma. Kila mara niliutazama ule mkono wa tatu. Niliutazama tu.

Mwezi wa kumi mvua zilipoanza, paa la ofisi ya Bwera lilivuja upande wa mlimani. Nikiwa Kasese, Hajati aliita watu wakageuza meza ikatazama mlango. Nilipofika Alhamisi nilikaa, nikaigandamiza laptopu, ikalia "ka!", nikaanza kumvusha dereva wa mbao aliyekuwa anarudi Kongo na bati. Akapiga kelele.

"Weye! Unanipeleka wapi? Kongo iko huku!"

Kweli. Sasa mlima ulikuwa mgongoni, na Kongo ilikuwa mkono wangu wa kulia. Kila dirisha nililoburuta kushoto lilikuwa linarudi Kasese. Nilijaribu kuwaeleza kwamba kwenye kompyuta haina maana yoyote. Madereva wanne walinitazama kama mtu anayewaambia kwamba jua na mvua ni kitu kimoja. Na mimi mwenyewe, niseme kweli, mkono ulikataa. Ningemvushaje mtu Kongo huku namsukuma Kasese? Jumamosi nikabadilisha. Kulia ikawa Kongo, kushoto Uganda. Madereva wakaridhika.

Sikufikiria kwamba Kasese meza haikugeuka. Kule Kongo ilikuwa bado kushoto. Na laptopu ilikumbuka upande, haikukumbuka nchi.

Jumatano iliyofuata alikuja ofisini Kasese mwanamke mmoja wa Kasenyi, ule mwalo wa Ziwa George. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza samaki kwa kikapu, katika masoko ya vijijini, hata Munkunyu kwa dada yangu. Safari hii alikuwa amekusanya ngege wa kujaza lori dogo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kuwapeleka Kasindi ambako wanunuzi walikuwa wanamngoja.

"Sijawahi kuvusha kitu," aliniambia. "Mtu wa barafu anasema kesho itashika mpaka saa tisa, kumi. Utaniangalizia, mwanangu?" Hakunizidi sana umri, lakini wanawake wa mwaloni humwita mwanangu kila aliye na karatasi mkononi.

Nikamweleza utaratibu wetu. Lori la barafu halipangi foleni mpakani juani. Linangoja Kikorongo, karibu na mwalo, mpaka karatasi zikubaliwe. Kisha napiga simu: njoo. Na dereva hapigi simu, anapigiwa. Hiyo ilikuwa amri ya Hajati tangu siku madereva kumi na moja waliponipigia kwa pamoja.

Nikafungua dirisha la samaki, nikaliweka kulia. Kwa Kasese, kulia ni Uganda. Kushoto lilikuwepo dirisha moja tu, la maharage yaliyokwisha kuvuka Jumanne.

Alhamisi nilifika Bwera nimechelewa, gari lilipata pancha. Nikakaa, nikaigandamiza laptopu. "Ka!" Skrini zikaamka. Samaki walikuwa kulia, maharage kushoto.

Kulia, pale Bwera, ilikuwa Kongo.

Ningepaswa kujiuliza ni nani aliyeliburuta dirisha la samaki, wakati laptopu ililala nami. Ningepaswa kujiuliza yuko wapi dereva aliyekubali kuvuka bila kujiona. Sikujiuliza. Nilisema moyoni, Hajati ameamkia forodhani, amewahi. Macho yaliamini kabla kichwa hakijafika. Nikahangaika asubuhi nzima na maharage, ambayo sasa yalionekana yamekwama Uganda. Nilimpigia dereva wa maharage mara nane, simu haikupatikana. Bila shaka haikupatikana. Alikuwa Beni, ndani kabisa ya Kongo.

Saa sita mama wa samaki akapiga.

"Mwanangu, samaki wangu wako wapi?"

"Wamevuka, mama. Nawaona hapa."

"Unawaona?"

"Nawaona kabisa."

Nikasikia akipiga kigelegele, na wanawake wengine wakimwitikia.

Saa nane simu ikalia tena. Alikuwa dereva wa samaki, Mkongomani mmoja wa Kasindi, mtu wa maneno machache.

"Patron. Nilijua dereva hapigi. Lakini miye niko hapa Kikorongo tangu asubui. Maji iko natoka chini ya gari. Ile ni maji ya nini?"

Niligeuka kutazama skrini ya kulia. Nikatazama kushoto. Kisha nikatazama mlango, na kupitia mlango nikaona barabara. Hapo nikaelewa yote kwa mara moja.

Nilisema, "Ngoja," nikakata. Hajati alikuwa forodhani. Ofisini palikuwa na wateja wawili wakibishana habari za mvua. Nikakivuta kile kijiti. Laptopu ikaachia, skrini mbili zikazima. Nikapita chumbani kwangu, nikatia nguo zote kwenye begi, na blanketi, nikasimama barabarani. Nilijiambia naenda Kikorongo kushughulikia lori. Lakini mtu anayekwenda kushughulikia lori habebi blanketi.

Nilipata nafasi mbele kwenye lori la mchanga. Dereva wake alikuwa anasimulia habari ya ng'ombe wa shemeji yake, sikusikia neno. Nilikuwa napiga hesabu ninayoijua vizuri kuliko zote: nitashuka Kikorongo, nitavuka barabara, nitashika gari la Mbarara, laptopu nitamrudishia Hajati kwa mtu wa basi. Na kila nilipofika mwisho wa hesabu hiyo niliona kizingiti cha Munkunyu na mtoto anayeuliza kama mwaka unaanza leo au Jumatatu. Ilikuwa imebaki miezi miwili na nusu. Nikasema, huenda nikamwandikia barua. Nikasema, huenda mwakani. Miguu ilikuwa inacheza yenyewe chini ya dashibodi, mpaka mwenye lori akaniuliza kama nabanwa na haja.

Nilisahau kitu kimoja tu. Kikorongo ni njia panda, na lori la samaki lilikuwa limeegeshwa kwenye mkono wa Mbarara, palepale magari yanaposimama. Sikuweza kukimbia bila kulipita.

Mama wa samaki alikuwa amekwisha fika kwa pikipiki kutoka Kasenyi. Dereva alikuwa amempigia. Wanunuzi nao walikuwa wamempigia kutoka Kasindi kuuliza samaki aliyevuka kaingia nchi gani. Alikuwa amesimama nyuma ya lori, mlango wa sanduku wazi, mikono kiunoni. Aliponiona hakunisogelea. Alipaza sauti tu, na wauza mahindi wote wakageuka.

"Huyo ndiye mwenye macho! Mwulizeni! Alinikalia Bwera akawaona samaki wangu Kongo! Macho ya namna gani hayo, mwanangu? Umeyanunua wapi, nami nikanunue?"

Watu wakacheka. Hiyo ndiyo sauti niliyokuwa nikiikimbia maisha yangu yote, kicheko cha watu wamenizunguka. Gari la Mbarara lilisimama hatua kumi kutoka nilipo, utingo akaita, "Ishaka, Mbarara, nafasi moja!" Nafasi moja. Nilitazama mlango wake.

Mama wa samaki naye akalitazama gari, kisha begi langu. Blanketi lilikuwa limechungulia kwenye zipu. Akaacha kupiga kelele.

"Na blanketi ni la nini?" aliuliza taratibu. "Ulikuja kuwafunika samaki?"

Gari la Mbarara likaondoka na nafasi yake. Nikaweka begi chini, nikaitoa laptopu, nikaifungua juu ya boneti.

Bila doki ilikuwa skrini moja tu, ile ya katikati. Madirisha yote yalirundikana hapo, moja juu ya jingine, Uganda na Kongo pamoja. Simu yangu niliifanya iwe mtandao. Jua lilimulika kioo, nikamwomba dereva asimame aniwekee kivuli kwa mwili wake. Namba moja nilikuwa nikiisoma kwenye dirisha la chini, naificha, naiandika kwenye dirisha la juu, naisahau, narudi. Kazi ya dakika kumi ikanichukua nusu saa. Nikatuma. Kisha nikampigia Hajati nikamwambia kila kitu, bila kuzunguka: samaki hawajavuka, kosa ni langu, niko Kikorongo, karatasi ziko njiani kwake.

"Uko Kikorongo unafanya nini?" akauliza.

"Niliondoka, Hajati."

"Hmm," alisema. "Basi ngoja nikasimame kwa hawa watu wa forodha. Mambo ya kuondoka tutayazungumza ukirudi."

Ukirudi, alisema, kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Mama wa samaki hakungoja karatasi. Alipanda ndani ya sanduku, akawa anapima ngege kwa kidole gumba, mmoja mmoja. Wa juu walikuwa wagumu bado. Wa chini, waliolala kwenye maji, walianza kulegea. "Hawa wa chini hawafiki wabichi," alisema. "Leteni chumvi." Chumvi ya Katwe huuzwa palepale barabarani kwa magunia. Akakodi turubai la mtu, akaomba visu kwa wauza mahindi, na watu walewale walionicheka wakakaa chini kupasua samaki. Mimi pia. Nililivua shati, nikakaa kando yake, nikapasua ngege kwa mgongo kama nilivyofundishwa utotoni, nikiwapaka chumvi. Dereva alilinda laptopu, akiikodolea kama sufuria ya maziwa.

"Kongo wanakula samaki wa chumvi," mama alisema, bila kunitazama. "Si kwamba nimekusamehe. Nakwambia tu."

"Ndiyo, mama."

"Pasua vizuri. Unaacha nyama kwenye mfupa."

Ilikuwa saa kumi na robo dereva alipopiga yowe. Karatasi zimekubaliwa. Theluthi mbili ya samaki walikuwa bado wabichi, kwenye barafu mpya tuliyoomba kwa muuza soda. Waliobaki walikuwa kwenye chumvi. Mpaka unafungwa saa kumi na mbili. Mama alifunga mlango wa sanduku, akampiga dereva kofi la bega: nenda.

Dereva hakwenda. Alikunja mikono, akasimama nyuma yangu mbele ya boneti.

"Nivushe," alisema.

"Ndugu yangu, hakuna skrini hapa."

"Nivushe. Leo zaidi. Siku ilianza mubaya."

Nikalikamata dirisha la samaki nikalisukuma ukingoni. Nusu yake ikamezwa, nusu ikabaki. Nikalisukuma upande wa pili, vilevile. Dereva akainama akaangalia.

"Iko katikati bado."

"Itabaki katikati, hapa skrini ipo moja tu."

"Basi siendi."

Mama wa samaki akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akashika kichwa. "Jamani, barafu inayeyuka, nanyi mnacheza!"

Dereva akafungua mlango wa abiria, akaondoa jeki na kamba zilizokuwa kitini. "Panda," akaniambia. "Mashini iko Bwera. Weye mwenyewe utanivushia kule." Kisha akaokota begi langu, blanketi na yote, akaligandamiza mpaka zipu ikafunga, akalitupa nyuma ya kiti.

Nikapanda. Mama wa samaki akapanda pia, tukabanana watatu, mikono yetu inanuka samaki na chumvi. Tulipofika njia panda dereva alipinda kuelekea Bwera, na ule mkono wa Mbarara ukabaki nyuma. Nilijaribu kugeuka kuutazama, lakini bega la mama lilinizuia.

Tulifika ofisini saa kumi na moja na dakika chache. Hajati alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Nikaiweka laptopu juu ya doki, nikaigandamiza. "Ka!" Nikalishika dirisha la samaki, mbele ya Hajati, dereva na mwenye mzigo, nikaliburuta polepole kutoka katikati kwenda kulia. Dereva alifuata kwa kidole hewani mpaka likatulia.

"Sasa iko Kongo," alisema, akatoka kuwasha injini. Walivuka ikiwa imebaki nusu saa.

Hajati alingoja wakiondoka. "Kesho meza inarudi kutazama mlima," akasema. "Paa litazibwa. Nawe begi lako lirudishe chumbani kabla sijalifungua kuona umekunja nini." Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, na yalipokosekana sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikafuta kibodi, ilikuwa na magamba.

Mwaka ulitimia Jumatatu, siku ya mvua. Nilikwenda Munkunyu na shahidi wangu. Hajati alikuwa safarini, na madereva dada asingewaamini. Nilimchukua mama wa samaki, ambaye dada alimfahamu tangu enzi za kikapu. Njiani hakusema atasema nini, nami sikuthubutu kumuuliza. Sisi watatu tulikaa ndani, binti yangu akiwa palepale kizingitini, amekuwa mrefu.

"Alikaa?" dada akauliza.

"Alikaa."

"Hakukimbia hata siku moja?"

Nilifungua mdomo. Mama wa samaki akanigusa goti ninyamaze.

"Alikimbia," akasema. "Mimi mwenyewe nilimwona na blanketi Kikorongo, gari la Mbarara limesimama linamwita. Lakini hajui kukimbia huyu. Alikimbilia kwangu, akaketi akapasua samaki, halafu tukarudi naye Bwera, jua bado liko juu. Kama hiyo ni kukimbia, sema wewe."

Nje maji yalikuwa yanatiririka kutoka paani kwenda ndani ya ndoo.

"Ulifika mpaka Kikorongo?" dada akaniuliza.

"Mpaka Kikorongo."

"Ulipokimbia Hoima ulifika wapi kabla hujafikiria kurudi?"

"Sikufikiria, dada. Nilifikiria baadaye."

Akainuka. Nilidhani anakwenda kuleta chai. Alikwenda chumba cha ndani, na tukasikia kamba ikikazwa kwenye godoro.

Siku hizi mtoto hushinda nami ofisini Bwera Jumamosi, akifanya masomo yake mwisho wa meza, upande wa Kongo. Meza inatazama mlima tena. Sijapona, kidole changu bado kinakitafuta kile kijiti, hasa mchana wa joto ambapo malori hayasogei na barabara imenyooka mbele ya mlango. Juzi nilikivuta kabla ya wakati, bila sababu, ili tu nisikie laptopu ikiachia. Binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye daftari, akazitazama skrini mbili zilizozima.

"Unaenda wapi, baba?"

Nilisimama na laptopu mikononi kama mtu aliyeshikwa na sahani ya jirani.

"Siendi popote," nikasema, nikairudisha juu ya kisanduku, nikaigandamiza.